Mchina Aliyezika Vitu Golini

Nilimshuku Kocha kabla hajafungua mdomo. Nalisema mapema ili mtu asije akaniona mwema huko mbele tukifika. Wenzangu walisubiri afanye kosa kwanza ndipo wamshuku. Mimi sikutaka kuchelewa.

Alikuja uwanjani Sydenham, hapa Durban, Jumapili moja, Mchina mfupi, kifua kama mlango, kandambili miguuni, chupa ya chai mkononi, akasimama nyuma ya goli langu mechi nzima bila kusema neno. Mimi ni golikipa, na golikipa hapendi mtu nyuma yake. Mbele tayari kuna watu kumi na mmoja wanaokutakia mabaya, ukiongeza na mabeki wetu wa siku zile wanafika kumi na watano. Sasa na nyuma tena kuna mtu anakunywa kitu cha moto, anakutazama kisogo? Nilifungwa manne. Mechi ilipokwisha akanisogelea, akanikagua miguu, akasema kwa Kiswahili, tena kile cha Kikongo:

"Wewe iko unaruka muzuri. Lakini unaruka kisha mupira imepita."

Nikamgeukia Fiston, nahodha wetu, Mkongo wa Uvira anayeuza makava ya simu mjini.

"Huyu nani?"

"Eko na duka ya byombo pale town. Batu yake ya kazi ni ba kwetu, ndio balimufunza Swahili. Anasema alikuwa footballeur kwabo. Anataka kutufunza."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Bure."

"Basi hapo hapo," nikamwambia. "Hiyo bure ndiyo inayonitisha."

Mimi mwenyewe ni kinyozi, mtu wa Tanga. Shule nimeishia kidato cha pili, na hicho cha pili sikukimaliza, chenyewe ndicho kilichonimaliza. Chumba nimepanga Glenwood kwenye nyumba ya wanafunzi wa chuo, na mwenye nyumba aliponiuliza nasoma nini, nikamwambia nasoma mazingira. Akaandika. Mpaka leo wanafunzi wakishindwa kitu hawaniulizi, lakini wananisalimia kwa heshima.

Timu ilikuwa ya Wakongo wengi na Watanzania wachache, vinyozi, mafundi simu, walinzi wa maduka. Uwanja ni wa manispaa, una mteremko. Mpira ukitokea upande wa chini unajiendea wenyewe mpaka barabarani kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za magari, na siku moja ulisimama pale kwenye taa nyekundu wakati teksi zote zinapita. Kila Jumapili tulifungwa, tena kwa moyo mmoja, hatugombani. Kisha akaja huyu bwana.

Mwezi wa kwanza hatukugusa mpira. Alituambia turudi nyuma. Basi. Kinyumenyume kutoka goli hadi goli, magoti yamekunjwa, mikono imetanuliwa, hatua ndogondogo kama mtu anayetoka chumbani mtoto amelala.

"Mbele iko kazi ya kila mutu," alisema. "Hata mbuzi anaenda mbele. Beki iko mutu wa kurudi nyuma muzuri."

Watu kwenye teksi walikuwa wanatoa vichwa madirishani kutucheka. Mudi, golikipa wa akiba, Mtanzania mwenzangu, akaniambia kwa sauti, "Oya, si tulikuja Sauzi kutafuta maendeleo sisi? Mbona tunarudi nyuma?"

Neno lake kubwa lilikuwa kiuno. Mshambuliaji akija, usimtazame miguu, miguu inacheza. Usimtazame macho, macho yanaongopa. Usiutazame hata mpira. "Angalia kiuno. Kiuno hapana jua kudanganya. Mutu anaenda kule kiuno yake inaenda." Alilisema hilo kila siku, mpaka nikaanza kuwatazama wateja saluni viuno kujua nani atatoroka bila kulipa. Mmoja nilimjua kweli. Ila alitoroka hivyo hivyo, maana mimi nilikuwa nimeshajua tu, sikuwa nimesogea.

Lingine alilolipenda: "Kimbia kwanza, lia nyuma." Beki akipitwa asisimame kushika kichwa, akimbie, kulia kutakuwepo baadaye. Wakongo walilipenda mno hilo. Fiston alikuja kulisema hata msibani, akakatazwa.

Tukaanza kutoka sare. Halafu tukaanza kushinda, moja bila, moja bila, kila wiki kama dozi. Watu wakafurahi, mimi ndipo roho ikachafuka zaidi. Mtu anakupa kitu kizuri, hakuombi kitu, hata jina lako la kweli hakuulizi, na katika timu yetu majina ya kweli hayakuwa mengi. Anatafuta nini? Mudi alisema Mchina anatafuta kijana mmoja akamuuze kwao. Nikamwambia Mudi wewe usiwe na wasiwasi, hujafikia kuuzwa. Fiston alisema ni upweke tu, mutu eko peke yake, mke amebaki kwabo. Mimi nikasema ni mpelelezi.

"Mpelelezi wa nini?" akauliza Mudi.

"Ndiyo ujue ni hatari. Hata haijulikani wa nini."

Na yeye ushahidi alinipa, hakuninyima. Chukua hiyo habari ya kucheza kwake. Alisema alikuwa beki wa kulia, timu ya mji wa kiwanda, mji wenye moshi, wachezaji wanalala bwenini wanane chumba kimoja, wanaamka gizani kukimbia kwenye theluji. Timu ikapanda daraja la juu. Hapo hadithi yake ilikuwa inakatika kama umeme. Fiston alimuuliza kwa nini hakucheza daraja la juu, akajibu, "Goti." Mudi alimuuliza siku nyingine, akajibu, "Shimo." Mimi nikamuuliza kwenye bakkie yake, pikapu ya kubebea mizigo ya duka, tukirudi mjini, akasema, "Mimi mwenyewe iko mujinga." Sasa mtu ana magoti mawili na sababu tatu. Utamwamini vipi?

Halafu picha. Alikuwa na picha moja ndani ya pochi, timu yao siku ya kwanza ya daraja la juu, safu mbili, waliosimama na waliochuchumaa, jezi za mikono mirefu. Fiston alimwomba amwonyeshe yeye ni yupi. Kocha akaweka kidole. Fiston akaja kutuambia, ni yule wa tatu kutoka kushoto, nywele nyingi. Mudi naye aliwahi kuonyeshwa, akasema si kweli, ni yule wa nne, mrefu mwenye masikio. Waligombana nusu saa. Mimi nikawaambia acheni ugomvi, mtu asiyejijua kwenye picha yake mwenyewe hajawahi kucheza mpira. Kaokota hiyo picha.

Na maji ya moto! Januari, Durban imefungwa kama sufuria, sisi tunatafuta barafu, yeye anamimina maji ya moto, matupu, hayana hata majani siku nyingine, anakunywa taratibu. Nilimuuliza kama anaumwa. Akaniambia mimi ndiye nitakayeumwa. Wiki ile nikaumwa. Nikaliweka na hilo kwenye faili.

Niseme na haki yake, maana ndiyo iliyonivuruga. Fiston alikuwa ametaabika na makaratasi yake ya ukimbizi, kila akienda anaambiwa rudi. Siku moja Kocha akampitia alfajiri na bakkie, akaenda kusimama naye foleni kutwa nzima, jua la mchana, na chupa yake ya chai, wakati yeye makaratasi yake hayana shida. Mchina peke yake kwenye mstari wa wakimbizi. Watu walidhani kuna vita imeanza China. Fiston alirudi na mhuri, amenenepa kwa furaha. Mimi nikamwuliza, "Sasa yeye pale mlangoni anajuana na nani?"

"Haiko kujuana na mutu," Fiston akasema. "Alisema tu, mutu peke yake foleni inamukula. Kipa, roho yako iko mubaya, unajua?"

Nilijua. Lakini hata yeye Kocha hakutuamini, na hilo lilinifariji. Mipira yetu ilikuwa sita. Ilikuwa yake, kwa kweli, aliitoa dukani. Aliihesabu tukianza, akaihesabu tukipumzika, akaihesabu tukimaliza, kisha anaitia kwenye gunia, gunia kwenye bakkie, na mnyororo juu. Siku moja ilitokea mitano akatuweka mstari mmoja mpaka mpira wa sita ulipoletwa na mama mmoja, umetoka barabarani. Hakuomba radhi. Alihesabu tena: sita.

Nywele alijikata mwenyewe, kwa mkasi wa jikoni nadhani, maana kichwa chake kilikuwa kama kimeliwa na panya wawili wasioelewana. Mimi kama fundi iliniuma. Nikamwambia njoo saluni nikutengeneze. Akaja kweli siku moja, hakukaa kitini, alisimama mlangoni tu na maji yake akitutazama. Nilikuwa namaliza kumnyoa Fiston. Fiston alivyo siku zote, alishuka kitini, akaomba fagio, akafagia nywele zake zote, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga. Wateja wangu nusu wanafanya hivyo, Wakongo na hata wa kwetu. Nywele zako zikibaki kwa mtu asiyekutakia heri, anaweza kukufanya kitu.

"Kwa nini unabeba?" Kocha akauliza.

"Kocha, nywele haiko ya kuachia mutu," Fiston akamwambia. "Iko kama kumuachia jina yako."

"Lakini huyu rafiki yako."

"Ni rafiki, ndiyo," Fiston akasema, akatikisa mfuko. "Ni kwa sababu ni rafiki ndio nakuja kunyolewa hapa. Lakini nywele naenda nayo."

Tukacheka wote. Kocha hakucheka. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyefundishwa kitu na kimemwingia.

Sasa nifike kwenye ndoo.

Kocha alikuwa anafika uwanjani kabla ya watu wote. Mimi niligundua kwa bahati, siku moja saa yangu ilienda mbele nikafika mapema. Nikamkuta peku. Kandambili zipo pembeni, suruali imekunjwa, anatembea uwanja mzima polepole, mstari kwa mstari kama anayelima, anapapasa nyasi kwa nyayo. Mkononi ndoo. Kila baada ya hatua kadhaa anasimama, anapiga magoti, anazika kitu, anakanyagakanyaga, anamwagia majani ya chai yaliyolowa kutoka kwenye chupa ile, anaendelea. Nilijificha nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Aliponiona baadaye akaniamkia kama hakuna kitu.

Wewe mtu wa kwetu, usinidanganye, ungefikiri nini? Kule nilikotoka, mtu akizika kitu uwanjani kabla ya mechi hatumwiti mkulima. Timu inapanda ukuta badala ya kupita mlangoni, kwa ajili ya mambo hayo hayo. Tuna hata kamati ya shughuli hizo, tunaiita kamati ya ufundi, kwa adabu. Ushindi wote ule wa moja bila ukajieleza kichwani mwangu. Kumbe si kiuno! Ni ndoo.

Na mimi, nikiri tu, nilikuwa na ya kwangu. Shangazi yangu alinipa hirizi nilipokuwa naondoka Tanga, ya ngozi, imeshonwa kwa uzi mwekundu, na kila mechi nilikuwa naifukia kidogo kwenye nguzo ya kushoto ya goli langu, naitoa mwisho. Kwa hiyo nilipokiona Kichina kimezikwa karibu na changu, nikajua viwili hivi havitakaa nyumba moja.

Wiki zile zile Kocha akanivua glovu. Mechi moja, bila maelezo. Alinitazama mikono nikivaa, akazichukua, akampa Mudi. "Leo wewe pumuzika." Mimi na glovu zile! Mjini mimi ni mtu wa kushika vichwa vya watu. Mtu anashuka kitini hata sura yangu haikumbuki. Jumapili ndiyo watu waliniita Kipa. Nilikaa benchi namtazama Mudi anacheza vizuri, na hakuna kitu kibaya duniani kama mpinzani wako akicheza vizuri na wewe unatakiwa kupiga makofi.

Ndipo wakaja wale wageni. Timu kubwa, yenye ligi ya kweli na basi lake, ilikuwa inatafuta mtu wa kufundisha mabeki wa kikosi chao cha pili. Walisikia kuna Mchina Sydenham anayefanya vinyozi wasifungwe. Mmoja alikuja akatazama mechi, akazungumza na Kocha pembeni. Jumapili ya pili yake wangekuja wawili, wamwone akifundisha kabla ya mechi.

Kocha alituita. Sijawahi kumwona vile. Aliongea akitazama chupa yake.

"Mimi iko nauza masufuria miaka mingi. Masufuria hapana mubaya. Lakini mimi iko kocha. Jumapili batu wanakuja kuangalia. Mara moja tu. Hapana tena." Akakaza kifuniko. "Munisaidie."

Fiston alishikwa na machozi. Mimi nikawaza: ahaa, kumbe. Ndicho alichokuwa anakitafuta. Ametupanda kama ngazi. Anakwenda zake, na dawa yake anaondoka nayo, na golini atamwacha Mudi.

Jumamosi mchana nilikwenda uwanjani, nikajificha pale pale. Alikuja na ndoo, akafanya kazi zaidi ya siku zote. Kwenye eneo langu, hatua mbili kutoka nguzo ya kushoto, alipiga magoti muda mrefu, akazika, akakanyaga kwa kisigino, akakanyaga tena. Alipoondoka nikatoka na kijiko cha chakula nikachimba. Nilikuta vigae vilivyovunjwa vimepangwa vizuri, mchanga, vigae tena, majani ya chai yameshindiliwa juu. Vimepangwa! Nikavitoa vyote nikavitupa ng'ambo ya uzio, nikasoma nilichokumbuka, nikaweka hirizi yangu chini kabisa mule, juu nikatandika nyasi. Sikufukia. Shangazi alisema hirizi haikanyagwi wala haishindiliwi, ipewe nafasi ya kupumua.

Chini kule nilikuwa nimeona tundu linaendelea ndani ya ardhi. Tundu la fuko. Sydenham mafuko wamejaa, kila mtu anajua, hata mimi niliyekuwa nasoma mazingira. Niliona na sikuona.

Jumapili wageni walikuja na traksuti zao. Kocha alikuja na viatu. Hatukuwahi kumwona na viatu vya mpira, vyeusi, vya zamani, vimepakwa rangi juu ya rangi. Akatuonyesha yeye mwenyewe namna ya kurudi nyuma. Fiston akawa mshambuliaji, anamjia na mpira, Kocha anarudi. Jamani, yule mzee alikuwa anaelea! Fiston aliyumba kushoto, aliyumba kulia, yupo, yupo, mkono nyuma ya mgongo, macho kwenye kiuno cha Fiston, miguu haigusi kitu. Mgeni mmoja akamgusa mwenzake bega. Na nyuma hakutazama hata mara moja. Atatazamia nini? Ule uwanja ameupapasa wote kwa nyayo zake, kila shimo ameliziba kwa mkono wake.

Kisigino chake kilipokaribia nyasi nilizotandika, nilitaka kupiga kelele. Nikachelewa. Mlio wa goti lake niliusikia kabla ya yeye kulia, na kwa kweli hakulia. Alikaa chini na mguu mmoja ndani ya shimo mpaka katikati ya muundi. Akautoa kwa mikono miwili. Halafu akaingiza mkono mule shimoni, akapapasa taratibu kama mtu anayetafuta ufunguo, na mkono ulitoka umefumbwa.

Akatutazama mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika mimi nilikuwa natazama mawingu, kama mtu wa hali ya hewa.

Alimwambia Fiston, "Mechi iko saa nne. Kimbia kwanza, lia nyuma." Akaninyooshea glovu, mimi, si Mudi. Wakambeba. Wageni walitazama saa zao, wakasema pole nyingi za Kiingereza, wakaondoka kabla ya filimbi.

Tulishinda moja bila. Nilidaka mipira yote iliyokuja, bila hirizi, bila chochote, na kila niliodaka ulinichoma mikono.

Hakurudi. Duka akaliuza, ikasemwa yuko Queensburgh, ikasemwa karudi kwao, ikasemwa yuko na ile timu kubwa anatucheka. Kwenye kumsema hakuna aliyenishinda. Mudi akisema alikuwa mpelelezi, mimi naongeza cheo. Mwizi akipiga kelele za mwizi huwa anazipiga kwa sauti nzuri kuliko wote. Shimo lile walisema ni fuko. Ni kweli, lilikuwa la fuko. Sikuongeza neno.

Mwaka huu, siku ya kazi asubuhi, mvua, saluni haina mtu, mlango ukasukumwa kwa fimbo. Nilimjua kwa chupa ya chai. Mvi zimemjaa, kichwa bado kimeliwa na panya wale wale. Mguu mmoja haukunji. Akaja moja kwa moja akapanda kitini kwangu, akanyoosha shingo.

"Shikamoo, Kocha."

"Kata."

"Kocha, mimi..."

"Kata kwanza. Sema nyuma."

Nikamfunga kitambaa. Nilikata vizuri kuliko nilivyowahi kukata kichwa cha mtu. Nilipofika kwenye wembe, kuusafisha ukingo wa shingo, akafumba macho. Nikajiuliza, huyu mtu asiyeniamini hata mipira sita, leo ananipa koo? Anatafuta nini? Mkono ukakataa. Nikaweka wembe mezani.

"Kocha, lile shimo nililichimba mimi. Nilidhani umezika uchawi."

Hakufumbua macho. "Najua. Nilitaka kusikia na mudomo yako. Umechelewa sana."

"Ulijuaje?"

"Siku ile batu bote wanaangalia goti yangu. Wewe unaangalia juu. Lakini kiuno yako," akafumbua macho, akanitazama kwenye kioo, "kiuno yako ilikuwa inaangalia mulango."

"Na hukusema."

"Nikisema wanakupiga. Mechi iko saa nne. Nani anakaa golini? Mudi anaruka kisha mupira imepita."

"Mbona glovu ulimpa yeye ile siku?"

"Kidole yako ilivimba. Ulificha. Ulifikiri sioni?"

Kweli kilivimba. Nilikificha wiki nzima, nikasahau hata kwamba nilikificha. Nikamuuliza wale wageni. Akasema walipiga simu mara moja, wakauliza mguu ukoje, akawaambia mguu hapana. Sasa yuko Queensburgh, kuna wazee wanacheza mpira wa kutembea, anawafundisha akiwa amekaa kwenye kiti. Alisema hivyo bila chumvi yoyote, kama mtu anayetaja namba ya nyumba.

Akatoa pochi. Picha ile. "Waliacha," akasema, akaweka kidole. Nikainama. Kidole hakikuwa juu ya mwenye nywele nyingi, wala juu ya mwenye masikio. Kilikuwa katikati yao. Safu yote wamebanana bega kwa bega, ila pale kati ya wa tatu na wa nne kuna nafasi, upana wa mtu mmoja.

"Mimi iko hospitali siku ile. Uwanja ya mazoezi ilikuwa na shimo. Niliona asubuhi, nikasema nitaziba kesho."

Nikauchukua wembe tena. Nikamalizia shingo yake. Mkono ulikubali.

Alipomaliza kujitazama akaingiza mkono mfukoni, akaweka kitu juu ya meza, kati ya wembe na poda. Ngozi, uzi mwekundu. Imekaa kwake miaka yote hiyo na haijatoboka hata mshono.

"Kocha, umenisamehe?"

Akafikiri kweli, hakunijibu haraka kama watu wanavyofanya. "Nusu," akasema.

Kisha akashuka kitini, akaomba fagio. Nikasema acha, nitafagia mimi. Akaninyang'anya. Akafagia mvi zake zote, chini ya kiti, chini ya meza, hata zilizoshika kwenye kandambili zangu, akatoa mfuko wa plastiki mfukoni. Alikuja nao. Akatia, akafunga fundo, akafunga la pili.

"Hata wewe, Kocha?"

"Fiston alinifunza," akasema. "Wewe iko fundi muzuri. Nitarudi mwezi ujao. Lakini nywele naenda nayo."

Akatoka kinyumenyume, polepole, mguu mmoja mgumu kama ubao, fimbo mkono huu na mfuko mkono ule, mpaka kizingitini, na kizingiti alikivuka bila kukitazama. Nikainua mkono kumuaga usoni. Hakuuona. Macho yake yalikuwa kwenye kiuno changu.